Kompyuta ya Sebuleni Ikizimazima, Anza na Waya

Kwa wiki tatu mama alinipigia simu karibu kila jioni kwa maneno yaleyale: "Mwanangu, kile kisanduku chako kimezimika tena." Kisanduku chenyewe ni Raspberry Pi 4, kompyuta inayoenea kwenye kiganja cha mkono, niliyomwekea kando ya runinga nyumbani kwake Tanga ili atazame filamu, mawaidha na video za harusi za wajukuu bila kuhangaika na DVD. Ndani yake mna LibreELEC, mfumo mwepesi ambao kazi yake ni moja tu: kuendesha programu ya Kodi. Kwa miezi minane ilifanya kazi bila tatizo. Kisha ikaanza: picha inaganda, sauti inakwaruza kidogo, skrini inakuwa nyeusi.

Mara ya kwanza nilifanya wanachofanya wengi. Nilisafiri mpaka Tanga, nikachomoa memori kadi, nikaifuta, nikapakia mfumo upya, nikaijaribu kwa nusu saa, nikarudi zangu. Siku ya pili yake simu ikalia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Kimezimika."

Naandika haya kwa ajili ya kila mwenye kompyuta ya namna hii sebuleni ambaye ameshachoka kuichomoa na kuichomeka. Ninalotaka ulishike ni hili: usianze na programu. Anza na umeme, uende kwenye diski na memori kadi, na kufuta kila kitu na kupakia upya kuwe jambo la mwisho kabisa. Watu huanza na programu kwa sababu haiwagharimu pesa. Lakini inawagharimu ushahidi. Kadi ikishafutwa, kila kitu ambacho mashine ilikuwa imekiandika kuhusu kuzimika kwake kimekwenda nayo, na wewe unabaki kupiga ramli.

Kabla ya kugusa chochote, jua kwanza imezimika vipi. Mtu akikwambia "imezima," huenda anasema mojawapo ya mambo matatu ambayo hayana undugu hata kidogo.

Huenda picha imeganda, lakini ukibonyeza rimoti menyu inatokea. Hapo mashine ni nzima, inangoja data isiyofika. Tazama diski au mtandao. Jambo moja hapa halijulikani sana: nyaya za USB 3 zisizokingwa vizuri hutoa kelele ya redio inayovuruga waifai ya masafa ya gigahezi 2.4. Ukichomeka diski kwenye tundu la buluu la Pi 4 na papo hapo waifai ikawa dhaifu, hamia kwenye masafa ya gigahezi 5, au vuta waya wa mtandao kutoka kwenye ruta, shida iishe.

Huenda filamu inakatika ghafla, kisha nembo ya Kodi inarudi yenyewe baada ya sekunde chache. Hapo programu ndiyo iliyoanguka. Mfumo ulio chini yake haukutikisika, umeiinua tena.

Au kila kitu kinakuwa giza, na mashine inaanza tangu mwanzo kwa nembo ya LibreELEC, au inakaa kimya kabisa mpaka uichomoe. Hiyo ndiyo ya kuogopa zaidi, na ndiyo inayoelekeza kwenye umeme na vifaa vyenyewe. Ukikuta skrini imekuwa kama jiwe, usikimbilie kuchomoa. Chukua simu iliyo kwenye waifai hiyohiyo, tumia programu yoyote ya kupima mtandao uitumie kompyuta ping. Ikijibu, basi iko hai, na unaweza kuingia ndani yake ukachukua kumbukumbu zake kabla hujaiwasha upya.

Ya mama siku nyingi ilikuwa ya aina ya tatu. Lakini siku nyingine ilikuwa ya aina ya pili, inajirudisha yenyewe. Tofauti hiyo niliisikia kwenye simu nikaipuuza, nikidhani ni ugonjwa mmoja wenye sura mbili. Yalikuwa magonjwa mawili. Mashine ikizimazima kwa muda mrefu, mara nyingi sana utakuta hivyo: kosa moja limekaa juu ya lingine, ukiondoa la juu unadhani hujafanya kitu kwa sababu la chini bado lipo. Ndiyo maana lazima ubadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja, uangalie, ndipo uguse kingine.

Nilipochoka kubahatisha nilimwomba mama jambo moja: kila ikizimika, aandike siku, saa, na alichokuwa anafanya. Akachukua daftari lake la hesabu za kikoba, akaanza kuandika kurasa za nyuma. Baada ya siku kumi nilikwenda kulisoma. Palikuwa na mistari tisa. Sita kati ya hiyo ilikuwa ya baina ya saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano na saa moja na nusu usiku.

"Mama, saa hizo unakuwa unafanya nini?"

"Natoka kuswali Magharibi. Nabonyeza iendelee."

Basi hapo nikaelewa. Alikuwa anatazama filamu tangu alasiri; adhana ikiadhiniwa anaisimamisha, anakwenda kuswali. Filamu zote zilikuwa kwenye diski ya nje ya terabaiti 1 iliyochomekwa kwenye USB. Diski za namna hiyo, zikikaa dakika kadhaa bila kazi, husimamisha mota zake zilale. Mama akirudi na kubonyeza, diski inaamka, mota inaanza kuzunguka kutoka sifuri, na sekunde hiyo ndiyo inayovuta umeme mwingi kuliko wakati mwingine wowote. Mashine ilikuwa inaangukia palepale.

Na mimi nilikuwa nimeshajiaminisha kwamba ni umeme wa jioni, kwa kuwa saa hizo mtaa mzima unawasha taa, pasi na majiko. Nilibakiza kidogo tu ninunue stabilaiza. Hebu chukua chaja yako usome maandishi madogo ubavuni: nyingi zimeandikwa kwamba zinapokea volti 100 mpaka 240. Umeme wa nyumbani ukishuka kutoka 230 mpaka 200, chaja nzuri haitetereki. Upungufu unaoiua kompyuta hii mara nyingi hauko ukutani. Uko kati ya chaja na kompyuta, kwenye waya.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye kisa cha wengi. Raspberry Pi 4 inataka volti 5.1 na ampea 3. Pi 3 inataka ampea 2.5 kwa volti hizohizo, na Pi 5 inataka ampea 5. Volti zikishuka kufikia 4.63 hivi, ubao wenyewe unatambua na kulalamika: kutegemea toleo la mfumo, utaona alama ya radi kwenye kona ya skrini au ujumbe mfupi, na taa nyekundu ya ubao itapepesa au kuzimika kabisa. Watu wengi huiona hiyo radi wakaizoea, kama vile ni pambo.

Chaja ya simu ilitengenezwa kwa ajili ya simu, na simu ina betri. Umeme wa chaja ukiyumba nusu sekunde, betri inaziba pengo na mwenye simu hajui kilichotokea. Raspberry Pi haina akiba yoyote. Umeme ukiyumba, nayo inayumba. Wala usidanganywe na maandishi makubwa ya wati 33 au zaidi kwenye chaja za kasi. Wati hizo hutoka pale tu chaja na simu zinapokubaliana kupandisha volti. Pi 4 haifanyi mapatano hayo, kwa hiyo inapewa volti 5 za kawaida, na kwenye mstari huo wa volti 5 unaweza kukuta pameandikwa ampea 2 tu. Soma mstari huo.

Kisha waya. Nilichukua wembe nikauchana ule waya wa zamani wa mama, wa mita mbili, mnene na laini, umesukwa kwa uzi mwekundu kwa nje. Ndani ya ule unene wote, kondakta ya umeme ilikuwa nyuzi saba za shaba, kila moja nyembamba kama unywele. Kilichobaki chote kilikuwa plastiki na uzi wa kupendezesha.

Fanya hesabu nami. Waya wa kipimo cha 28AWG, ambao ndio wa kawaida kwenye nyaya za bei rahisi, una ukinzani wa kama omu 0.21 kwa kila mita. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo waya wa mita mbili ni safari ya mita nne: karibu omu 0.85. Kompyuta ikivuta ampea 1 tu, unapoteza volti 0.85 njiani. Chaja inatoa 5.1, kompyuta inapokea 4.25, na tayari uko chini sana ya ile 4.63. Sasa linganisha na chaja rasmi ya Pi 4, ambayo waya wake haung'oki, una urefu wa mita 1.5 na kipimo cha 18AWG: kwa ampea hiyohiyo unapoteza volti 0.06 hivi. Kumbuka kwamba kadiri namba ya AWG inavyokuwa kubwa, ndivyo waya unavyokuwa mwembamba. Mara nyingi namba hiyo imechapwa kwenye ganda la waya, na kama haipo, waya mfupi ni salama kuliko mrefu.

Ukitaka kuthibitisha badala ya kuniamini mimi, kompyuta yenyewe itakwambia. Kwenye mipangilio ya LibreELEC, sehemu ya huduma, ruhusu SSH, njia ya kuingia ndani yake kupitia mtandao, kisha ingia kwa laptop au hata kwa simu. Andika vcgencmd get_throttled. Ikijibu 0x0, umeme uko sawa tangu ilipowashwa. Ikijibu 0x50000, maana yake wakati fulani volti zilishuka na kasi ikapunguzwa, ingawa sasa hivi hali ni nzuri. Ikijibu 0x50005, tatizo linatokea saa hiyohiyo unapouliza. Angalizo: majibu haya hufutika umeme ukikatika, kwa hiyo ukiuliza baada ya mashine kuzimika na kuwaka upya, itakwambia 0x0 na wewe utaondoka umeridhika bure. Uliza filamu ikiwa inaendelea, na uulize tena mara tu diski inapoamka.

Kuna njia iliyo bora zaidi, na ndiyo iliyonipa uhakika. Ukiwa umeingia kwa SSH andika journalctl -f, uache dirisha hilo wazi kwenye laptop, kaa utazame filamu kama kawaida. Kila linaloandikwa na mfumo linapita mbele yako, na kompyuta ikikata roho, maneno yake ya mwisho yanabaki kwenye skrini ya laptop. Nilikaa na mama jioni hiyo. Aliporudi kutoka kuswali akabonyeza, diski ikavuma kwa sauti ya chini, kwenye laptop ukatokea mstari "Under-voltage detected!", ukafuata mwingine kwamba kifaa cha USB kimejitenga, kisha kimya. Runinga nyeusi.

Tiba ilikuwa ya sehemu mbili. Kwanza nilinunua chaja rasmi, ile yenye waya wake. Pili niliihamishia diski kwenye kigawanyaji cha USB chenye chaja yake yenyewe, kwa sababu matundu yote manne ya Pi 4 kwa pamoja yanaweza kutoa ampea 1.2 tu, na diski ndogo ya inchi 2.5 inapoanza kuzunguka inaweza kudai karibu ampea nzima peke yake. Ongeza hapo kipokezi cha rimoti na flashi, umemaliza. Kwenye Pi 5 mambo ni magumu zaidi kama ukiipa chaja ya ampea 3: ubao wenyewe unabana matundu yake ya USB yasivuke ampea 0.6 mpaka uipe chaja ya ampea 5. Wenye diski kubwa za inchi 3.5 hawapati taabu hii, kwa kuwa diski hizo huja na chaja zake.

Siku sita mama hakupiga simu isipokuwa ya salamu. Ya saba akapiga: "Kimezimika, ila safari hii kimerudi chenyewe."

Huo ndio ulikuwa ugonjwa wa pili, na sasa ulikuwa peke yake, unaonekana. Kwa ugonjwa wa namna hii unakwenda kusoma kumbukumbu za Kodi. Programu inapoendelea kufanya kazi huandika mambo yake kwenye faili linaloitwa kodi.log. Ikianza upya, faili hilo hubadilishwa jina likawa kodi.old.log, na lile lililokuwa na jina hilo hapo awali hutupwa. Litafakari hilo. Ukiwasha mara moja baada ya ajali, ushahidi upo kwenye kodi.old.log. Ukiwasha mara ya pili, ushahidi umekwenda. Na mama alikuwa na desturi ya kuchomoa na kuchomeka mara mbili, "ili itulie vizuri." Nilimwomba asiiguse kabisa mpaka nifike.

Kuyapata mafaili hayo si kazi: kwenye laptop iliyo kwenye mtandao uleule, fungua kompyuta ya LibreELEC utakuta folda ya pamoja yenye jina Logfiles. Shuka moja kwa moja mpaka chini ya faili. Kama maandishi yanaishia katikati tu, bila onyo wala lawama, kama mtu aliyekatwa kauli, rudi kwenye umeme na vifaa. Lakini Kodi ikianguka yenyewe, LibreELEC huacha faili jingine la ajali lenye tarehe kwenye jina lake. Soma mistari ishirini ya mwisho kabla ya kuanguka, utafute jina: jina la video, au jina la programu nyongeza.

Kwetu yalikuwapo mafaili matatu ya ajali, na yote matatu yaliishia kwenye jina la video moja, ya harusi ya mpwa wangu. Ilikuwa imenakiliwa kutoka kwenye flashi iliyochomolewa kabla kazi haijaisha. Mama hakuwa hata anaitazama. Kodi ikiingia kwenye folda hujaribu kuchukua kipicha kutoka kwenye kila video ili ipambe orodha, na kila ilipoigusa ile iliyoharibika ilianguka. Niliifuta, nikaomba nakala nzima kutoka kwa shemeji yangu, ikaisha. Ukiwa na folda kubwa usiyoweza kukagua video mojamoja, zima kwenye mipangilio ule utaratibu wa kutoa vipicha kwenye video, uone kama utapata nafuu.

Kama jina unalolikuta ni la programu nyongeza, izime. Kama hulioni jina lolote, zima zote ambazo hazikuja na Kodi, hasa zile ulizozipata mahali ambapo hata hupakumbuki, kisha zirudishe mojamoja. Hapa watu hukosa subira. Ikiwa mashine yako huanguka mara moja kila siku mbili, kukaa siku mbili bila kuanguka hakuthibitishi kitu. Ingekaa hizo siku mbili hata usingefanya lolote. Ipe wiki nzima kabla ya kusema imepona.

Nimekwisha kusema memori kadi inafuata umeme kwa kushukiwa, na kwetu huku inastahili shaka kubwa. Kadi za kughushi zimejaa madukani: nje imeandikwa gigabaiti 128, ndani mna 8, na imechezewa ili iidanganye kompyuta. Inafanya kazi vizuri mpaka ijae kile kiasi cha kweli, kisha inaanza kuandika data mpya juu ya ya zamani au kuipoteza tu. Kabla ya kuitumia kadi yoyote mpya, ijaribu: kwenye Windows tumia H2testw, kwenye Linux na Mac tumia F3. Programu hizi huijaza kadi yote kisha zikaisoma tena kuona kama kilichoandikwa ndicho kinachotoka. Huchukua muda, lakini jibu lake halina ubishi. LibreELEC haihitaji kadi kubwa; gigabaiti 16 au 32 kutoka kwa jina linaloaminika inatosha kabisa, na ni salama kuliko 512 ya bei ya sahani ya pilau. Dalili za kadi inayokufa ni mipangilio inayojisahau kila ukiwasha, na mistari yenye neno mmc0 pamoja na neno error kwenye zile kumbukumbu za mfumo. Ukiyaona hayo, usijaribu kuitengeneza. Nakili unachoweza, ununue nyingine.

Joto linasingiziwa mno. Karibu kila fundi utakayemwuliza atasema "inachemka hiyo," na si uongo kwamba inachemka: nilimkuta mama ameifunika kwa kitambaa chake cha kufuma, kile cheupe chenye maua, kwa kuwa taa zake zilimkera usiku. Lakini Pi ikifika nyuzi 80 hupunguza kasi yake yenyewe, na ikifika 85 hupunguza zaidi. Kwa kawaida joto litakufanya uone picha inayokatakata, si mashine inayokufa. Andika vcgencmd measure_temp filamu ikiwa inaendelea. Chini ya 70 usihangaike. Ikipita hapo, iondoe kwenye kabati lililofungwa, ibandike vipande vya alumini vya kupozea au uiweke kwenye kasha la alumini. Kitambaa tulikitoa, taa tukaziziba kwa kipande cha utepe mweusi. Kwa walio karibu na bahari kama sisi, hewa ya chumvi ni adui mkubwa kuliko joto: pini za USB na HDMI hushika kutu ya kijani isiyoonekana kwa haraka. Mara moja au mbili kwa mwaka zima kila kitu, chomoa, futa pini kwa spiriti na pamba, acha zikauke, rudisha.

Kuna "kuzimika" kwingine ambako si ugonjwa. Nyumbani kwa dada yangu mashine ilikuwa ikijizima kila usiku bila kosa lolote kwenye kumbukumbu. Kumbe runinga na kompyuta huzungumza kupitia waya wa HDMI, na Kodi ilikuwa imepangwa ijizime runinga inapozimwa. Watoto wakizima runinga, nayo inaaga. Mpangilio huo uko kwenye vifaa vya kuingizia, chini ya jina CEC. Uangalie kabla hujaanza kununua vitu.

Umeme wa kukatika nao una adabu zake. Ukikatika, zima swichi ya ukutani, usiwashe mpaka umerudi na kutulia dakika chache. Siku za kawaida zima kwa menyu, usichomoe waya mashine ikiwa inaandika. Wanaotumia pawa benki kama akiba wajue kwamba nyingi hukata umeme kwa kitambo kidogo pale zinapobadilika kutoka ukutani kwenda betri, na kitambo hicho kinatosha kuiangusha Pi. Ijaribu yako kwa kuchomoa chaja filamu ikiendelea. Ikijiwasha upya, hiyo si ya kazi hii.

Kama yako si Raspberry Pi bali ni kompyuta ndogo ya kawaida yenye Windows au Linux, mpangilio ni uleule, ila ongeza mawili. Feni zake hukusanya vumbi, na mashine hizi, tofauti na Pi, huweza kweli kujizima kwa joto, kwa hiyo ifungue uipulize. Na vipande vyake vya RAM huchomoka: vitoe, uvirudishe mpaka visikike vimekaa, kisha endesha MemTest86+ usiku kucha. Ikionyesha kosa hata moja, toa kipande kimoja, ujaribu kilichobaki, mpaka umpate mkosaji.

Ya mama sasa inakwenda mwezi wa tano. Daftari bado liko kando ya runinga, na mstari wa mwisho ndani yake ni wa siku umeme wa mtaa mzima ulipokatika.

Nina ombi moja kwako. Ukishanunua chaja na waya mzuri, ule wa zamani usiurudishe kwenye droo. Utausahau, na siku moja mtu wa nyumbani atauchomeka tena kwa nia njema. Uchukue mkasi, uukate katikati, uutupe.